Harufu Ndani ya Gemu

Fundi Maige hakuwa mtu wa kusema "sijui". Nilikaanga samaki ubavuni mwa kibanda chake pale Mirongo kwa miaka minne, tukigawana kivuli cha bati moja, na muda wote huo neno hilo sikulisikia kinywani mwake. Mteja hajakaa vizuri kwenye benchi, Maige keshaipokea redio, keshaitikisa karibu na sikio, keshatoa hukumu. "Hii spika imekufa." "Hii imeingia maji." "Hapa mtu kapachika betri kichwa chini." Akishasema ndipo anatafuta bisibisi.

Nilimtania sana kwa tabia hiyo. Nilimwambia, "Fundi, hata daktari anapima mkojo kwanza." Naye hujibu bila kuinua macho, "Mama Suhaib, daktari ana mshahara."

Alikuwa na hoja, na mimi sitaki kumsema vibaya kuliko anavyostahili. Maige alifanya kazi miaka kumi na minne katika kiwanda cha nguo kule Nyakato, fundi wa mota za mashine za kufuma. Mambo ya soko huria yalipoanza wakaja watu wenye suti na mafaili, wakahesabu mashine, wakahesabu watu, wakaona watu wamezidi. Akatoka getini na barua na blanketi mbili. Mke na watoto akawapeleka kwao Misungwi wakalime, yeye akabaki mjini, akagongelea mabati manne pale Mirongo na kuandika kwa rangi nyekundu: REDIO, KANDA, PASI, FENI. Shida ni kwamba kila aliyepunguzwa kazi siku zile naye aligeuka fundi. Kutoka kwenye karai langu hadi kona ya msikiti walikuwa sita. Mteja akiuliza "Imekuwaje hii?" na fundi akajibu "Ngoja kwanza niifungue," mteja alibeba redio yake akaenda kwa jirani, kwa yule anayejua. Basi wote wakajifunza kujua kabla ya kufungua. Na kosa walilopenda kulitaja ni la mwenye kitu, maana likiwa la mwenye kitu, fundi akishindwa hakuna wa kumlaumu.

Mwaka tisini na saba, Jumatatu moja ya jua kali, gari lilisimama mbele yetu akashuka Mama Obedi. Mumewe alikuwa mkubwa fulani katika kiwanda cha minofu ya sangara, wakikaa Capri Point kwenye nyumba zenye maua ukutani. Alikuwa mama mwenye mwili na sauti, na si mbaya. Nasema hivyo mapema kwa sababu baadaye utataka kumchukia. Mkononi alishika gemu ya mtoto wake Obedi, mashine ya michezo ya televisheni ya kushika mkononi, nyeusi, nzito, ukubwa wa mche mfupi wa sabuni, na kioo cha rangi katikati. Mjomba wa mtoto aliituma kutoka Ulaya ikiwa tayari imetumika, ikala betri sita sita kwa miaka miwili, sasa imezima. Ukibonyeza swichi, kimya.

"Mtoto hali chakula," alisema Mama Obedi. "Fundi, imekuwaje?"

Maige hakuwahi kuona kitu kile maishani mwake. Mimi nilijua hivyo kwa jinsi alivyokigeuza mara mbili kutafuta upande wa juu. Akachungulia tundu la kuchomeka umeme wa ukutani, akaitikisa, akasema, "Imeunguzwa hii. Mtu kachomeka umeme vibaya."

"Obedi hachomeki. Nimemkataza, anatumia betri tu." Mama Obedi akaisogeza gemu puani. "Halafu mbona inanuka? Hebu mama, wewe muuza samaki, nusa hapa."

Nilikuwa na karai la mafuta yanayochemka mbele yangu na wateja wawili wananingoja. Nikanyoosha shingo, nikanusa kwa mbali, nikasema, "Ndiyo, samaki huyo." Nikarudi kwenye samaki wangu.

Nikikumbuka jinsi nilivyolisema lile jambo kirahisi, mpaka leo najisikia vibaya. Kwa sababu katika nyumba ile aliyeshika samaki ni mtu mmoja tu, naye ni binti wa kazi, Evelina.

Nilimjua Evelina kwa kupita tu. Msichana wa miaka ishirini hivi kutoka Ukerewe, mrefu, mkimya, aliyeletwa mjini na mchungaji wa kwao. Alikuwa akisalimia "Shikamoo mama" hata ukiwa umempa mgongo. Jumatano asubuhi gari lilirudi, na safari hii Mama Obedi alishuka na gemu pamoja naye, akamkalisha kwenye benchi la Maige.

Kukaa kwenye benchi ni desturi ya wateja wote. Mtu akileta kitu chake cha maana hakiachi. Anakaa anahesabu kila skrubu inayotoka, asije fundi akanyofoa kizima akaweka kibovu. Lakini sikuwahi kuona mlinzi wa aina ile.

"Wewe uliyeiharibu ndiwe utakayeilinda," Mama Obedi alimwambia. Kisha akatugeukia sisi kana kwamba tumeitwa kwenye baraza. "Fundi kasema mtu kachomeka umeme. Mama huyu kanusa samaki. Nyumbani ni nani anapara samaki? Kuharibu mimi nasamehe, vitu vinaharibika. Uongo sisamehe. Akikiri leo, yameisha, anarudi jikoni kwake. Asipokiri, Jumamosi saa nane mchana anapanda meli ya Nansio arudi kwao Ukerewe, na mchungaji aliyemleta nitamwandikia barua ajue amenipa mtu wa namna gani."

"Sikuigusa, mama," alisema Evelina.

"Mmeona?" Mama Obedi alituambia. Akaingia garini akaenda zake.

Nilimhurumia binti, na huruma yangu ikanifanya niseme upuuzi. Nilimpelekea kikombe cha chai nikamwambia, "Mwanangu, kiri tu yaishe. Kesho kutwa atakuwa amesahau. Kazi ya ndani kwenye nyumba ya watu wanaolipa haiokotwi barabarani."

Akapokea chai kwa mikono miwili. "Mama, nikikiri ndo nitakuwa nimesema uongo. Hapo atakuwa na haki ya kunifukuza."

"Sasa na barua je?"

"Hiyo ndiyo naiogopa." Alikitazama kikombe. "Kisiwa chetu kidogo. Mchungaji akisoma barua, mama yangu atakuwa mama wa mwongo kila Jumapili mpaka afe. Kazi nitapata nyingine."

Maige alisikia yote. Alikuwa anahangaika na skrubu, maana zile hazikuwa skrubu za kawaida: kichwa chake kilikuwa cha mviringo kilichozama ndani ya shimo, hakuna bisibisi Mwanza nzima ya kukifungua. Akachukua peni ya wino, akatoa mrija, akapasha moto ncha ya plastiki kwenye jiko langu hadi ikalainika, akaisukuma shimoni, akapuliza ipoe, akazungusha taratibu. Skrubu ikaachia. Alirudia hivyo mara sita, na peni zangu mbili za kuandikia madeni zikaishia humo. Kwa akili ile ya mikono nilimvulia kofia, na sikumficha.

Gemu ilipofunguka alichukua mita yake ya kupimia umeme, akagusa hapa na pale kwa sindano zake mbili. Halafu akagusa pahali pamoja mara tatu, akanyamaza. Maige akinyamaza unajua kuna jambo.

"Nini?" niliuliza.

"Hakuna."

"Nini, Maige?"

"Fyuzi."

"Imekatika?"

"Nzima."

Mimi shule yangu iliishia darasa la saba na umeme sikufundishwa, lakini miaka minne ya kukaa ubavuni mwa fundi si kidogo. Nilishajua kwamba fyuzi ni kiwaya cha kufa kwa niaba ya wenzake. Umeme ukiingia vibaya, chenyewe ndicho kinatangulia. Nikamwambia, "Sasa kama mtu aliunguza, fyuzi imeponaje?"

Alinitazama, akamtazama Evelina ambaye hakuelewa tunalozungumza, akasema, "Mama Suhaib, samaki wako wanaungua."

Kweli walikuwa wanaungua. Lakini kuanzia saa ile nilijua kwamba yeye anajua, naye alijua kwamba nimejua, na alikaa nalo moyoni siku nzima huku binti ameketi hatua mbili kutoka kwake. Nilimkasirikia hadi nikamnyima chai.

Alhamisi alisafisha kwa wembe vibati vinavyogusana na betri, akasugua swichi, akaunganisha waya. Akatia betri sita mpya. Taa nyekundu ikawaka. Evelina akasimama. Ukihesabu moja, mbili, taa ikazima. Akajaribu tena, moja, mbili, ikazima. Alijaribu hivyo hadi saa saba mchana, na kila inapowaka sote watatu tunashika pumzi kama wajinga. Betri nazo zilichoka haraka, tukawa tunazianika juani zipate nguvu kidogo.

Na harufu ilizidi. Nilikuwa nimelipangusa ganda la nje kwa limau na majivu, kama ninavyopangusa mikono yangu nikifunga kazi, na ganda lilikuwa safi kabisa. Harufu ilitoka ndani. Maige alinilaumu mimi. "Karai lako hilo linaninukishia vitu vya watu," alisema. Yeye pua yake ilikufa zamani kwa ugoro. Angeweza kukaa na mzoga mfukoni.

Nilikuwa nimechoka naye. Nikafuta mikono, nikanyanyua vile vibao vya ndani, nikavinusa kwa karibu, siyo kwa mbali kama Jumatatu.

Nimepara samaki miaka kumi na tisa. Sato namjua, sangara namjua, furu na ningu nawajua wakiwa wabichi na wakiwa wameoza, dagaa namjua wa juzi na wa mwezi jana. Harufu ya samaki iliyoshika kwenye kitu, kesho yake inapungua na kuchacha. Hii ilikuwa kali, ina ukali wa dawa nyuma yake, na kila taa ilipowaka ikapata joto, ilipanda.

"Huyu si samaki," nilisema.

"Nini?"

"Huyu si samaki wa ziwa hili wala wa ziwa jingine. Evelina, njoo unuse."

Akaja, akainama, akanusa kwa utulivu wa mtu aliyezaliwa kisiwani. Akanusa tena. "Si samaki, mama," alisema, na sauti ikamkatika. Tangu Jumatano alikuwa hajadondosha chozi, hata alipoitwa mwongo mbele ya watu. Sasa alilia kwa kwikwi, uso ndani ya kanga, maana ile harufu ndiyo iliyomfunga, na mimi ndiye niliyeitolea ushahidi. Nilimshika bega nikamwambia anisamehe. Sijui kama alinisikia.

Nikanusa kibao baada ya kibao hadi nikafika kwenye kile kidogo kuliko vyote, kile ambacho umeme wa betri unapita kwanza. "Hapa," nikamwambia Maige. Akachukua kioo chake cha kukuzia. Palikuwa na vikopo vitatu vya bati, kila kimoja saizi ya punje ya hindi, ambavyo mafundi huviita kapasita. Kazi yake ni kuutuliza umeme usirukeruke. Chini ya vikopo palikuwa na unyevunyevu, na waya za kibao zimeota ukungu wa kijani kama sufuria ya shaba iliyosahauliwa.

Maige alivigusa kimoja kimoja kwa ncha ya bisibisi. "Zimevuja," alisema mwishoni. "Dawa iliyo ndani yake imevuja. Uzee tu."

"Kwa hiyo hakuna aliyechomeka kitu."

"Hakuna."

"Basi funga kibanda twende Capri Point sasa hivi ukamwambie."

Akatikisa kichwa. "Nikienda na gemu iliyokufa, atasema fundi kashindwa anatafuta kisingizio. Ataipeleka kwa mwingine. Na huyo mwingine, kabla hajafungua, atasema nini?" Hakusubiri jibu. "Ngoja iwake kwanza. Ikiwaka atanisikiliza."

Nusu ya maneno hayo ilikuwa busara na nusu ilikuwa woga wa kudhalilika, na mimi nilishindwa kuzitenganisha. Evelina alisema tu, "Jumamosi saa nane, baba," akajifuta uso.

Ijumaa Maige alizunguka kwa mafundi wote sita kuomba redio zao zilizokufa. Alirudi na kapasita tatu, mbili za saizi na moja iliyozidi kidogo kimo, ambayo ingebidi ilazwe ubavu ganda lifunge. Akang'oa za zamani, akasafisha ukungu kwa kipande cha kitambaa na spiriti, akaweka ya kwanza. Alipoanza ya pili umeme ukakatika. Mwaka ule ulikuwa wa mgawo. Mitaa ilizimwa kwa zamu, na zamu yetu ilifika bila kubisha hodi. Tukangoja hadi giza likaingia, haukurudi.

Jumamosi nilifika saa moja asubuhi, nikamkuta amekaa na pasi yake ndogo ya kuyeyushia risasi ya kuungia waya mkononi, imepoa, na umeme bado. Evelina hakuwepo, alikuwa Capri Point anafunga mzigo. Nilikuwa na sato ishirini kwenye beseni wanaongoja mafuta, na Jumamosi ndiyo siku yangu ya kuuza.

"Jiko unalitaka?" nilimuuliza.

"Nalitaka."

Nikashusha karai chini. Samaki nikawafunika majani, wateja nikawaambia leo hakuna, na mmoja alinitukana.

Pasi ya kupasha kwenye mkaa si kama ya umeme. Inatoka na joto kubwa mno, ukiigusisha mapema inababua kibao na kila kitu kimekwisha. Ukichelewa imepoa, risasi inakuwa kama uji. Maige aliitoa motoni, akaigusisha kwenye kitambaa kibichi, akasikiliza mlio wake, akahesabu kimoyomoyo, kisha akainama. Mguu mmoja. Akairudisha motoni. Mimi napepea. Saa nne kapasita ya pili ilikaa. Kwenye ya tatu, ile ya kulazwa, waya wa kibao ukanyanyuka na kukatika, umeliwa na ile dawa. Alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mwanaume mzima. Akachuna unywele mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa pasi ya nguo, akaanza kuunga. Ulimponyoka mara mbili. Akauweka mkono chini, akaukalia, akaungoja utulie.

Saa tano ikapita. Saa sita ikapita. Benchini walishakaa wanaume watatu na redio zao, hakuna aliyethubutu kumwuliza kitu.

Saa saba na robo gari likasimama. Mama Obedi akashuka upande mmoja, Evelina upande mwingine na mfuko wa rambo na fungu lililofungwa kwa shuka. Maige alikuwa amepachika skrubu mbili tu kati ya sita. Akatia betri. Hakumwangalia mtu. Akabonyeza.

Taa nyekundu ikawaka. Moja, mbili. Tatu. Nne. Kioo kikageuka bluu, yakatoka maandishi, na muziki mwembamba wa kitoto ukaanza kupiga. Wale wanaume benchini wakapiga makofi. Mimi nililia waziwazi, na sikuona haya.

Mama Obedi akaipokea gemu akacheka kwa furaha. "Fundi, wewe ni fundi kweli! Obedi atakula leo." Akafungua pochi, kisha akamgeukia Evelina. "Haya, chukua mzigo wako. Meli haingoji mtu."

Nilidhani sikusikia vizuri. Siku nne tulikuwa tunapigana na kile kidude kana kwamba kikiwaka binti amepona, na sasa kimewaka na hakuna kilichobadilika. Kwa nini kibadilike? Mama Obedi hakumfukuza kwa sababu ya gemu. Alimfukuza kwa uongo, na uongo ulijengwa juu ya maneno ya Maige na pua yangu.

Nikamtazama Maige. Alikuwa amekodolea noti aliyonyooshewa, na wateja wake watatu wanamtazama, na mlango wa pili kuna fundi mwingine amesimama anasikiliza. Nilifungua mdomo nimseme. Akanitangulia.

"Mama, hakuiharibu huyu."

"Wewe si ndiye uliyesema—"

"Nilisema Jumatatu. Jumatatu nilikuwa sijaifungua." Alizungumza kama mtu anayetema mchanga. Akachukua vile vikopo vitatu vya zamani kwenye kiganja, akavisogeza. "Nusa. Hivi ndivyo vinavyonuka. Vimezeeka vikavuja. Hakuna mtu aliyechomeka umeme. Fyuzi ilikuwa nzima, nimeiona tangu Jumatano."

Mama Obedi akanusa, akakunja uso, akarudisha kichwa nyuma. Akanitazama mimi. Nikasema, "Mimi nilinusa kwa mbali, mama. Nilikosea. Si samaki."

"Sasa kwa nini ulisema imeunguzwa?" alimwuliza Maige.

"Sikujua." Ndiyo, alilisema. "Sikujua, na nikisema sijui wateja wanaondoka. Mafundi tunasema hivyo."

Mmoja wa wale wanaume akaishika redio yake akaipakata. Maige akamgeukia Evelina akasema, "Nisamehe, mwanangu," na alisema kwa sauti ya kusikika hadi mlango wa pili.

Mama Obedi alisimama na gemu inaimba mkononi. Nilishasema hakuwa mtu mbaya. "Evelina," alisema chini chini, akitazama mfuko wa rambo badala ya uso, "nilikuita mwongo. Nisamehe. Haya, weka mzigo garini twende nyumbani."

Evelina hakusogea. "Nimekusamehe, mama," alisema. "Na wewe baba nimekusamehe." Kisha akanipigia goti kidogo kama ilivyo kawaida yake, mimi niliyemwambia akiri. "Fundi, naomba uniandikie. Hayo uliyoyasema, kwenye karatasi, uweke sahihi. Nimpe mchungaji mwenyewe, asije akasikia vingine."

Maige akachana ukurasa kwenye daftari. Peni hatukuwa nayo, akaazima kwa mteja. Aliandika polepole, akasoma kwa sauti, akatia sahihi na jina la kibanda. Evelina akaikunja mara nne akaiweka kifuani.

"Huhitaji kwenda," alisema Mama Obedi. "Nimeshasema nisamehe."

"Nimesikia, mama. Asante. Lakini meli ni saa nane."

Akatwika fungu lake, akavuka barabara akielekea bandarini. Hakutembea haraka wala hakugeuka, na urefu wake ulituwezesha kumwona kwa muda mrefu kati ya watu. Mama Obedi alimtazama hadi akapotea. Kisha akaurudisha uso kibandani.

"Fundi," alisema mwishoni. "Ungeifungua Jumatatu, ingekuchukua muda gani kuona ile fyuzi ni nzima?"

Maige alishaketi. Mikono yake, myeusi kwa mkaa wangu, ilikuwa juu ya magoti.

"Dakika kumi, mama," alisema. "Hazifiki hata kumi."

Mama Obedi akaingia garini. Gemu ilikuwa bado inapiga muziki wake mkononi mwake, na alikuwa akiigeuza huku na huku, hajui inazimwa wapi.